Majani Laini ya Dorkasi

Dorkasi hakumwamini mtu anayechuma majani kwa mkasi. Jani, kwa mafunzo ya bibi yake, lilichumwa kwa kidole gumba na cha shahada, na vidole hivyo ndivyo vilivyojua papo hapo kama litaiva kwa moto mdogo au litabaki kinywani kama kamba. Kwa hiyo asubuhi ile ya Machi, alipomkuta msichana wa mjini, buti miguuni na kofia pana kichwani, anakatakata matawi ya mkole nyuma ya choo chake, alimwendea mbio.

"Wewe! Hayo hayaliwi!"

"Shikamoo mama," msichana akasema bila kushtuka. "Najua hayaliwi. Nataka kuyatoboa."

Ebo! Dorkasi alikuwa ameishi miaka hamsini na minane katika kijiji kile cha njia ya Hombolo, na serikali ilikuwa imemletea watu wa kila namna: wa kuhesabu mbuzi, wa kupima barabara, wa kuuliza kama choo kina mfuniko. Wa kutoboa majani hajapata kumwona. Akasahau hasira, akabaki na udadisi, ambao kwake ulikuwa ugonjwa mkubwa zaidi.

Msichana aliitwa Elieth, Mpare wa Same, mwanafunzi wa shahada ya pili katika chuo kikuu pale Dodoma mjini, amepanga chumba Ipagala. Angemweleza Dorkasi kila kitu siku ile ile, lakini kabla ya saa sita alipanda mawe ya kilimani kufuata mti mmoja, akateleza, akavunjika mguu. Dorkasi na jirani yake Ruthu walimteremsha kwa kanga mbili na kelele nyingi. Baada ya wiki moja akarudi na hogo la plasta kutoka unyayoni mpaka gotini, akaomba kitu kimoja tu: chumba cha uani apange, na mtu wa kumchumia majani.

"Mtu yupi tena?" Dorkasi akasema. "Uliza kuanzia hapa mpaka soko la Majengo, nani anachuma mlenda ambao mpishi hatoi hata jani moja la kutupa. Uliza."

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Dorkasi mwenyewe alikuwa anajibu.

Chombo cha Elieth kilikuwa kichekesho cha kwanza. Fundi baiskeli wa Miyuji ndiye aliyekiunda: vibao viwili vyenye tundu katikati, jani likabanwa kati yake, juu ya jani spoku moja iliyosagwa ncha ikawa butu, juu ya spoku kopo. Unamimina maji kwenye kopo, tone kwa tone, mpaka uzito ushinde na spoku ipenye, pwa! Halafu unapima maji. Maji machache, jani laini. Maji mengi, jani gumu. Basi. Dorkasi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba kumimina yeye.

"Dunia nzima watu wanapima hivi, mama," Elieth alimwambia, hogo likiwa limeegeshwa juu ya ndoo. "Wengine wana mashine kubwa kuliko hii, lakini swali ni hili hili. Kwenye misitu ya mvua isiyokatika, jangwani, milimani kwenye baridi. Kuna jani ukiliangalia vibaya linapasuka, na kuna jani linadai nguvu mara mia kadhaa ya hilo."

"Mara mia?"

"Mara mia kadhaa."

"Na hilo gumu linapata faida gani?"

"Linaishi. Jani laini ni la haraka haraka. Mmea unalitoa, linakula jua la msimu mmoja, wadudu nao wanalila, linaanguka, limekwisha. Jani gumu mmea umelijengea nyuzi ndani, umelitolea jasho, kwa hiyo unataka likae mwaka, hata miaka mitatu. Panzi akiliuma anajuta."

Dorkasi akatafakari. "Basi huku kwetu kwenye ukame tutawashinda wote kwa ugumu."

"Ndivyo wengi wanavyodhani! Lakini waliopima wanasema mvua inaeleza kidogo sana. Udongo mmoja, jua moja, unakuta laini na gumu yamesimama bega kwa bega. Nataka kujua kama Dodoma nako ni hivyo."

Dorkasi akageuka kutazama ua wake. Mlenda ulikuwa umeota chini ya mkonge, umeegemea kabisa, kama mtoto na babu yake. Mmoja unalainika ukiuonyesha maji ya moto. Mwingine watu wanausokotea kamba za kufungia ng'ombe. Mvua ile ile, mchanga ule ule mwekundu. Miaka hamsini na minane amepita hapo na ndoo kichwani, na hajawahi kuuliza! Alijisikia mjinga, na ujinga wenyewe ulikuwa mtamu. Toka siku hiyo alimpenda Elieth kama aliyemzaa.

Alimchumia wiki sita. Aina ishirini na nne: mkwaju, mkole, mtopetope, mninga, msasa, mbuyu, mgagani na wenzake. Kila jani safi, halina tundu wala vumbi, limelazwa juu ya mwenzake ndani ya kitambaa kibichi lisinyauke. Elieth alishukuru kila jioni, akabana, akamimina, akaandika. Alikuwa msichana wa milima ya kijani; miti mingi ya kule alikuwa anaijua kwa jina na picha tu, na alichokabidhiwa alikipokea.

Mwezi Mei hogo likatolewa. Elieth akarudi chumbani kwake Ipagala, akawa anatembea kwa fimbo, na siku ya Jumatatu akaitwa na msimamizi wake chuoni, Dokta Wambura. Dorkasi akamsindikiza kumbebea mfuko, huku akitaka pia kuwaona watu wazima wanaolipwa kwa ajili ya majani. Alivaa kitenge cha kanisani.

Dokta Wambura alikuwa mtu wa Mara, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikika mpaka ng'ambo ya mto. Alimwamkia Dorkasi kwa heshima, akampa kiti karibu na mlango, kisha akamgeukia Elieth, na heshima ikaishia hapo.

"Nimezisoma namba zako mara tatu," akasema. "Aina ishirini na nne, zote laini. Zote! Mninga laini, mtopetope laini, mkwaju laini kama mchicha. Mkwaju huu huu umepimwa nchi nyingine, ukawa mgumu mara nane ya huu wako. Elieth, hakuna mahali duniani ambapo majirani wote wanafanana namna hii. Hakuna. Umekaa na mguu wako kitandani, ukapika takwimu."

"Sikupika, mwalimu. Nilipima kila moja."

"Njia ya mwongo fupi, binti. Ijumaa unakaa mbele ya jopo. Ama unaleta maelezo yanayoeleweka, ama nawaambia wenzangu ninachoamini, na unajua chuo kinamfanya nini mtu wa namna hiyo. Unaondoka, na jina lako linaondoka na doa."

Dorkasi damu ilimchemka. Alikuwa amekwisha kuinuka kwenye kiti kumwambia mtu huyu mrefu kwamba kilichopikwa uani kwake ni ugali peke yake, jicho lake likaangukia picha kubwa ukutani nyuma ya Dokta. Ilikuwa tawi la mkwaju, na mshale mwekundu umeonyesha jani moja: la kijani kizito karibu na weusi, limekomaa, limetobolewa kidogo na mdudu pembeni.

Kicheko kikamponyoka. "Sasa hilo nani anachuma?"

"Hilo ndilo linalopimwa, mama," Dokta akasema. "Jani lililokomaa. Kila mahali duniani ni hilo."

Dorkasi akaketi. Aliketi polepole sana.

Maana kwao, mwanamke anayejiheshimu hamchumii mgeni jani la chini. Mkono unakwenda nchani wenyewe. Unachukua jani la kwanza, la pili, na kama kikapu hakijajaa, la tatu. La nne ni la mbuzi. Bibi yake alikuwa akimpiga kibao kwenye kiganja akileta la nne. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Dorkasi achume nchani kwa ajili ya Elieth, na hakuna aliyehitaji kumwambia, kama vile Elieth hakuona haja ya kumwambia achume yaliyokomaa. Kila mmoja alidhani jambo lake linajulikana na kila mtu mwenye akili. Wiki sita nzima alikuwa amemchumia mtoto yule mboga.

Na hakusema neno. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Alikaa pale na kitenge chake cha kanisani, mchumaji asiye na mfano kutoka kijijini mpaka Majengo, akamwacha msichana aitwe mwongo, kwa sababu ulimi ulikuwa mzito kwa aibu.

Bajaji iliwafikisha Ipagala. Chumbani, Elieth alitoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Same. Nitawaandikia kwamba chombo kilikuwa kibovu. Afadhali waniite mzembe kuliko mwongo."

"Lakini chombo ni kizima!"

"Najua ni kizima, mama. Sasa niseme nini? Mimi mwenyewe sijui nini kimetokea. Nimeanza kujiuliza kama kweli nilipima." Na hapo akalia, kilio cha mtu mzima, cha kujificha uso.

Mficha uchi hazai. Dorkasi akaketi kitandani, akalivuta lile begi, akaanza kutoa nguo moja moja huku akizungumza, maana bila kazi ya mikono asingeweza. Akamwambia yote. Jani la kwanza, la pili, la tatu, na mbuzi.

Elieth akaokota gauni moja, akalishika. Kisha akasema, kwa sauti ndogo iliyokuwa na hasira ndani yake, "Wiki sita."

"Wiki sita, mwanangu. Nitukane tu."

"Niliyaona yamepauka," Elieth akasema. "Niliyaona kabisa! Nikajiambia ndiyo Dodoma hiyo, ndiyo mvua za mwaka huu. Sikuuliza. Mwanafunzi mzima, sikuuliza." Akajifuta uso kwa gauni alilokuwa ameshika. "Leo Jumatatu. Majani yatapukutika lini?"

"Mtopetope bado. Mninga umeanza kupata njano, lakini kwa siku tatu tunauwahi."

"Basi twende."

Sikiliza, kuna kazi ngumu na kuna kazi ya kuuambia mkono wako usahau ulichokijua tangu utotoni. Dorkasi alisimama mbele ya mkwaju, akajiambia "la tano, la sita," na mkono ukapanda nchani kama kuku anayerudi bandani. Akauzaba kibao. Ukapanda tena. Mwisho akafunga kidole gumba kwa kitambaa, achume kwa mkasi wa Elieth. Ndiyo, mkasi! Na alipopita njiani na kapu la majani meusi, magumu, yaliyoliwa na wadudu, Ruthu alimwona kutoka dukani, akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, Dorkasi! Leo umechuma mboga au kuni?"

Wanawake wote wa dukani wakacheka. Jana Dorkasi angewajibu mpaka wajute kuzaliwa. Siku hiyo alilishusha kapu, akalifunua waone vizuri, akasema, "Kuni, mama. Na kesho nakwenda kuleta zingine." Uso ulimwaka moto mpaka nyumbani.

Lakini lo, maajabu ya siku zile tatu! Elieth alimimina, na kopo likajaa, na spoku haikupenya. Wakaweka kopo kubwa. Jani la mtopetope likakaa na maji yake kama mzee aliyekataa kuhama, mpaka Dorkasi akaanza kulipigia makofi. La mgagani, hata la chini kabisa, likakubali kwa vijiko vichache. Msasa nao, ambao Dorkasi alikuwa akisugulia vijiko vya mbao, ukawachekesha wote wawili: mkwaruzo wote ule, na ukitobolewa wala haubishi. Ukali ulikuwa wa ngozi tu. Na kila mti ulikuwa na tabia yake ya kukomaa. Mlenda ulizeeka bila kubadilika sana, mninga ukianza kama hariri na kuishia kama ngozi ya kiatu. Dorkasi alisahau aibu. Alikuwa anatazama mimea aliyokula na kukata na kufagia maisha yake yote, na kila mmoja ulikuwa umepanga jinsi ya kuishi kwa akili yake wenyewe, bila kumwiga jirani.

Ijumaa jopo lilikuwa watu watatu: Dokta Wambura, mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akiandika tu, na mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Elieth akaweka chombo chake mezani, akasimama na fimbo yake, akaonyesha namba za zamani, akaonyesha na mpya.

"Kosa lilikuwa katika kuchuma," akasema. "Majani ya kwanza yote yalikuwa machanga. Kosa ni langu. Sikutoa maelekezo."

"Na nani alichuma?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi ninayewajibika, mwalimu."

"Sikuuliza anayewajibika."

Elieth akaanza kuzipanga upya karatasi zake. Dorkasi akaona kabisa kinachoendelea: mtoto yule, ambaye jina lake ndilo lilikuwa linaning'inia, anamkinga yeye na aibu. Akainuka kutoka kiti cha mlangoni.

"Nilichuma mimi," akasema. "Naitwa Dorkasi. Yale laini ni yangu na haya magumu ni yangu. Huyu alipima nilichomletea, hakuongeza tone. Jumatatu nilikuwa humu ndani, nikaiona picha ile, nikajua kosa ni langu, na nikanyamaza wakati anaitwa mwongo. Niliona aibu. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzeni mimi."

Dokta Wambura alikuwa anamtazama kwa macho makali, lakini ukali ulikuwa umehama, sasa ulikuwa wa mtu anayehesabu.

"Mama, unaweza kulijua jani changa na lililokomaa kwa kushika tu?"

"Hata kwa kusikia."

Dokta akatoka nje, akarudi na majani saba tofauti kutoka bustani ya chuo, mengine ya maua ya kigeni ambayo Dorkasi hakuwahi kuyaona. Akamwomba ayapange, laini mpaka gumu, amefumba macho. Dorkasi alifumba. Alikunja kila jani karibu na sikio, akachana ukingo kidogo, akasikiliza, akalaza mezani. Moja alilirudia mara mbili, akalihamisha kutoka la nne kwenda la tano. Halafu Dokta mwenyewe akakaa kwenye chombo cha fundi wa Miyuji, akaanza kumimina maji.

La kwanza, vijiko viwili. La pili, vitatu. La tatu, sita. Yule mwalimu kijana aliacha kuandika, akaja kusimama mezani. Alipolifikia lile lililohamishwa, lilishinda la nne kwa kijiko kimoja tu. La saba lilikula kopo zima na kudai lingine.

Dokta Wambura akaweka kopo chini. "Miaka kumi na tisa," akasema, "miaka kumi na tisa nafanya kazi hii, na nimetengeneza mashine mbili." Akachukua karatasi zote za Elieth, laini na ngumu, akaziweka pamoja mbele ya mwenyekiti. "Hizi za kwanza zisitupwe. Mti mmoja, jani changa na jani lililokomaa, aina ishirini na nne! Wengi tunapima lililokomaa tu. Hapa tunaona njia nzima." Kisha akamgeukia msichana, na sauti ile ya ng'ambo ya mto ikashuka. "Elieth, nilikuita mwongo mbele ya mgeni wako. Nisamehe."

Elieth akainama kufuta kwa kiganja maji yaliyomwagika mezani.

"Mjibu mwalimu wako, mwanangu," Dorkasi akamnong'oneza.

"Nimekusamehe, mwalimu."

Mwenyekiti akavaa miwani, akaangalia wenzake wawili, akaandika mstari mmoja chini ya ukurasa, akausoma kwa sauti: kazi imekubaliwa. Dorkasi aliuliza kama maana yake ni kwamba mtoto habaki na doa. Akaambiwa ndiyo, ndiyo maana yake.

Basi Dorkasi akafungua mlango, akatoka ukumbini, akapiga kigelegele. Hakikuwa kigelegele cha adabu. Kilianzia tumboni, kikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, makarani wakatoka ofisini na kalamu mikononi, wanafunzi wakachungulia madirishani wakidhani kuna harusi. Katibu mmoja akaja mbio kumwambia Dokta Wambura amnyamazishe yule mama, watu wako kwenye mitihani.

"Mwache kwanza," Dokta akasema, naye amesimama mlangoni anatabasamu. "Mwache amalize."